Sahani Juu ya Ua

Mwaka na miezi miwili hatukusalimiana,
mimi na Mama Tusajigwe, kisa mfereji:
maji ya paa langu yalipita kwake usiku
yakamzolea miche ya kahawa kumi na mmoja.
Tangu hapo michongoma ikawa mpaka wa nchi mbili.

Leo ni zamu yangu kulisha kikundi cha parachichi.
Watu saba, saa saba. Subilaga yuko Njombe, semina,
ameniachia funguo na neno moja: Utaweza.
Ni Oktoba. Tukuyu haijanyesha wiki ya tatu,
na hilo peke yake lingetosha kuandikwa kwenye muhtasari.
Nimetoa jiko la mkaa uani, chini ya kamba ya nguo,
nimemenya ndizi bila kupaka mafuta mikononi,
vidole vimekuwa vya fundi magari.

Ndipo ukapaa moshi usio na heshima.
Ndipo, kutoka ng'ambo ya miiba:
"Jirani, hiyo ndizi inaungua!"

Nikanyamaza. Sufuria haikunyamaza.
"Epua! Tia maji kikombe kimoja, kile cha chai.
Maharage yameiva? Yamwagie humo na supu yake,
kitunguu juu, funika,
na usikoroge kama mtu wa zege.
Tikisa sufuria. Tikisa tu,
kama anayekataa kitu kwa adabu."

Hakuniona. Alikuwa anapika kwa pua.
"Usipa unao?"
Nikagonga mfuniko mara moja: ndiyo.
"Wa Matema?"
Nikagonga tena.
"Basi toa vichwa, usiwe mvivu.
Kaanga mpaka ulie kama majani makavu ya mgomba,
nyanya tatu, pilipili moja nzima, ole wako uipasue,
ndimu mwishoni, moto ukishalala."

"Chumvi kiasi gani?"
Sauti yangu ilinishangaza mwenyewe.
Upande wa pili, kimya. Kuku akapita.
Nikadhani tumerudi kwa mtendaji wa kata.
"Onja," akasema. "Ulimi ni wako."

Parachichi sikuhitaji kufundishwa.
Mawili yaliyolainika, kitunguu kibichi, chumvi,
uma, na hasira kidogo.

Wakaja. Wakakaa juu ya kreti za matunda,
Anyitike akafungua kitufe cha shati kabla ya kunawa.
Ajenda ya kwanza, bei ya mnunuzi, ikapoa mezani
wakati ndizi zikiwa bado za moto.
Lugano alifuta sahani kwa kidole, akajifanya anawaza.
Gwantwa, mweka hazina, ambaye hasifu hata mahubiri,
akauliza: "Nani kapika?"
"Sisi," nikasema.
Wakatazama mlango wa jikoni, wakangoja mtu atoke.

Walipoondoka nilipakua kilichobaki,
ndizi nne, usipa ubavuni, parachichi kwenye ukingo,
nikanyanyua sahani juu ya michongoma.
Mwiba ukanichora kuanzia kiwiko mpaka saa.
Mkono ukaipokea. Sikuona uso.
"Ndaga," ukasema mkono.

Nilisugua sufuria mpaka jua likakaa nyuma ya Rungwe.
Sehemu iliyoungua haikutoka,
nikailoweka, nimwachie Subilaga ushahidi.

Jioni sahani ilirudi na mjukuu wake, Ipyana,
aliyezunguka njia yote ya barabarani
kwa sababu ua wetu hauna mlango.
Juu ya sahani, kibuyu cha maziwa ya mgando.
Akasimama mguu mmoja juu ya mwingine,
akikumbuka alichotumwa:

"Bibi anasema usipa ulizidi ndimu.
Bibi anasema mvua ni Novemba.
Anasema jembe analo,
wewe uje na koleo."